Imebaki Jozi Moja Tu

Fundi Sawasawa hauzi kiatu ambacho hakijatembea mbele yake. Hiyo ndiyo sheria yake ya kwanza, na nijuavyo mimi hana ya pili. Unaweza kuja na haraka zako, unaweza kumwambia gari linakusubiri nje, unaweza hata kulia. Atakuvalisha viatu mwenyewe, atafunga kamba, atanyoosha mkono kuelekea mlangoni na kusema, "Haya, tembea nikuone." Utakwenda mpaka mlangoni na kurudi, na muda wote huo yeye haangalii miguu yako. Anaangalia mabega. Bega likishuka upande mmoja, hata kwa unene wa ukucha, unavuliwa viatu na kuambiwa urudi kesho. Yakikaa vizuri anasema, "Sawasawa," na hapo ndipo anapokubali kulipwa. Jina lake la kuzaliwa sidhani kama lina mtu anayelikumbuka, labda yeye mwenyewe siku akienda kupiga kura.

Anawashonea viatu watu ambao miguu yao miwili haijawahi kuelewana kuhusu urefu. Mimi ni mmoja wao. Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kwa upana wa vidole viwili. Zamani kiatu cha mtu kama mimi kilijulikana kutoka mbali: kimoja cha kawaida, kingine kina soli kama tofali, na kila mtu barabarani ameshakusoma kabla hujamfikia. Fundi alikataa jambo hilo. Yeye huvipa viatu vyote viwili soli nene, za urefu mmoja, nzuri kabisa. Tofauti anaificha ndani. Kiatu cha mguu mfupi amekijaza sponji ngumu, ile nyepesi isiyobonyea, na mguu unakaa juu. Kiatu cha mguu mrefu amekichimba ndani, na mguu unazama mpaka unalingana na mwenzake. Ukiviweka mezani huoni tofauti yoyote. Ukivivaa na miguu yako iko sawa, utajuta.

Mama alinipeleka kwake nikiwa darasa la kwanza. Alianza kueleza habari zangu kama alivyozoea kuzieleza hospitalini, tangu nilipozaliwa, na Fundi akamkatiza kwa heshima: "Mama, samahani. Mwache mwenyewe aseme panapomuuma." Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikasema mpaka nikachoka, naye akasikiliza akiwa amechuchumaa mbele yangu na penseli sikioni. Tangu siku ile sijawahi kuvaa kiatu cha mtu mwingine, na kila hatua niliyopiga, ya shule, ya chuo cha uuguzi, ya kumfuata bwana mmoja ambaye hakustahili kufuatwa, niliipiga juu ya kazi ya mikono yake. Wapo watu wanaoshukuru kwa maneno mazuri. Mimi mdomo wangu ni wa kuteta zaidi, lakini moyoni namshukuru mzee yule kila asubuhi ninapofunga kamba.

Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Kuna meza ndefu iliyojaa makovu ya visu, cherehani nzito ya kushonea ngozi, dirisha moja kubwa, na harufu ya gundi ambayo mgeni huikohoa na mwenyeji haisikii. Ukuta wote wa nyuma ni rafu za kalibu, ile miguu ya mbao ambayo kiatu hushonewa juu yake. Kila mteja ana zake mbili, zimefungwa pamoja kwa uzi. Zangu zimebadilishwa mara nyingi kadiri nilivyokua, na zile ndogo kabisa za darasa la kwanza hajazitupa. Ninapoziona huwa najisikia kama mtu aliyekuta picha yake ya utotoni kwenye nyumba ya watu.

Duka la mtandaoni lilikuwa wazo la binti yake. Dada huyu anapokea simu kwenye ofisi moja ya bima, na ana akili ya kupanga mambo. Aliona kwamba wateja wa baba yake wametawanyika, wengine wanakaa mbali, na kulipana kumekuwa shida. Akamfungulia duka ndani ya soko moja kubwa la mtandaoni, lile ambalo humo utapata kila kitu kuanzia sindano mpaka kitanda. Utaratibu wao ukawa hivi: jozi ikiisha kushonwa, Fundi anaiweka dirishani penye mwanga, binti anaipiga picha, anaipandisha dukani, mteja anakuja kutembea, na akiambiwa sawasawa analipa kwa simu yake papo hapo.

Ungeweza kuuliza, kwa nini picha isisubiri mpaka mteja atembee kwanza? Niliuliza. Binti akacheka. "Wewe humjui Baba? Kiatu kikikauka gundi tu, anataka dunia ikione. Ni kama mama aliyejifungua." Na maelezo ya chini ya picha aliyatunga Fundi mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Chini ya jozi yangu ya mwisho aliandikisha hivi: "Viatu hivi ni vya binti muuguzi, mguu wa kushoto. Mwingine asivichukue."

Juu ya maelezo hayo, soko lenyewe liliongeza lake, kwa maandishi mekundu: "Imebaki jozi moja tu! Wahi!" Na chini yake: "Watu watatu wanaitazama sasa hivi."

Maandishi hayo yalikuja yenyewe. Kitu chochote kikifikia kimoja, soko linapiga kelele, na vitu vya Fundi havijawahi kufika viwili. Binti alitafuta namna ya kuyaondoa akaikosa. Siku alipomwonyesha baba yake kwa mara ya kwanza, mzee alivaa miwani, akasoma polepole, akasoma tena. "Si kweli?" akasema. "Ni jozi moja. Na ilikuwa moja tangu mwanzo. Hawa ni watu wakweli."

Basi, jozi hiyo yangu ya mwisho ndiyo iliyoleta kasheshe.

Nilikuwa nimeajiriwa kwa majaribio katika hospitali moja kubwa. Kwenye ratiba ya zamu, majina ya wauguzi waliothibitishwa huandikwa kwa kalamu. Langu lilikuwa kwa penseli. Metroni wetu ni mwanamke mnyoofu, hana chuki na hana huruma ya kupita kiasi. Aliniita ofisini akaniambia waziwazi, "Mguu wako hauniudhi. Kinachoniudhi ni muuguzi anayetafuta kiti wakati mgonjwa yuko mezani. Jumatatu unaanza chumba cha upasuaji, wiki nzima. Ukiweza kusimama, kazi ni yako. Ukishindwa, tutaagana kwa amani."

Nilimshukuru, maana ni watu wachache wanaokuambia ukweli ukiwa bado una muda wa kuufanyia kitu. Lakini viatu vyangu vya zamani vilikuwa vimechoka. Sponji ya ndani ilikuwa imepasuka, na ikifika adhuhuri nyonga inawaka moto. Kwa viatu vile nisingemaliza hata upasuaji mmoja mrefu. Kazi yangu yote, miaka ya chuo, na mama yangu aliyeuza kiwanja chake ili nisome, vilikuwa vimekaa juu ya jozi ile mpya ya Fundi. Nayo ilikuwa tayari. Ijumaa ningekwenda kutembea, nilipe, nivae.

Siku moja kabla ya hiyo Ijumaa, wakati wa chai, nikawaonyesha wenzangu wa wodini picha. Nilijivuna, sikatai. Viatu vilikuwa vizuri, vyeusi, vina mshono mweupe ukingoni. Nikawasomea ile "Imebaki jozi moja tu" na wote wakaangua kicheko. "Nani mwingine ana miguu hiyo?" Kila mmoja akataka kuona kwa simu yake, nikawatumia. Muuguzi wa dawa akaruka kitini. "Jamani, oneni! Watu kumi na mmoja wanaitazama sasa hivi!" Tukajihesabu pale mezani, tukakuta ni sisi wenyewe. Tulicheka mpaka metroni akachungulia mlangoni.

Ijumaa alasiri nilifika karakana nikiwa na soksi mpya kwenye mkoba. Fundi alikuwa amesimama dirishani, na dirisha lilikuwa tupu.

"Binti yangu," akaniuliza kabla sijamwamkia, "umevichukua lini?"

"Nini?"

"Viatu."

"Shikamoo kwanza, Fundi. Mimi ndiyo nafika."

Akakaa. Kutoka chumba cha ndani akatokea binti yake, simu mkononi, anatabasamu, na tabasamu likamkauka alipotuona. Kumbe jana yake, mchana uleule wa chai, jozi yangu ilinunuliwa. Dada aliona imelipiwa akadhani ni mimi, kwamba nimeshatembea mbele ya baba yake. Aliona anwani ya mji mwingine, si mbali sana, akafikiri labda nimepelekwa huko kikazi. Baba yake alikuwa ametoka kutafuta nyuzi. Jioni mtu wa soko akaja na pikipiki, dada akafunga mzigo vizuri, akamkabidhi. Asubuhi akaenda zake kazini na roho safi, na ndiyo kwanza alikuwa amerudi.

Nilisema maneno ambayo muuguzi hapaswi kuyasema. Nililisema soko, nikaisema simu, nikamsema aliyenunua pamoja na mama yake, ambao sikuwa nawajua. Dada alikuwa analia. Fundi alinisubiri mpaka nikaishiwa, kisha akasema, "Tumpigie huyo mtu. Bado hatujaibiwa, tumenunuliwa tu."

Dada akapiga, akaweka sauti ya nje. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya uchangamfu.

"Ndiyo mwenyewe! Aah, ni nyinyi wenye duka? Viatu vimefika salama. Nimeviona jana nikaona hivi vikinipita nitaumwa. Imebaki jozi moja, na watu kumi na mmoja wamekodoa macho! Nikasema mie na wao, tuone. Nikalipa hata sikusoma chini."

Mimi nikajishika kichwa. Wale kumi na mmoja walikuwa wenzangu, vikombe vya chai mkononi.

"Mama," dada akaanza, "samahani sana, viatu hivyo ni vya mgonjwa, yaani si mgonjwa, ni muuguzi..."

"Ila vilikuwa na kasoro kidogo," mwanamke akaendelea. "Kimoja kilikuwa na shimo ndani! Nilipovaa nikazama upande mmoja, mume wangu akadhani nimeteguka. Lakini msijali, sikuwarudishia. Nilipeleka asubuhi kwa fundi wa hapa mtaani akajaza lile shimo, na kile kingine akakichonga ndani. Sasa viko sawa kabisa. Ninavyoongea na nyinyi nimevivaa."

Fundi alifumba macho mwanamke alipofika kwenye kuchonga.

"Haloo?" mwanamke akasema. "Nimesema jambo baya?"

Dada akamweleza yote, taratibu. Sauti ileile ikarudi bila uchangamfu. "Mungu wangu. Mimi nimekata mguu wa mtu." Akataka kuvirudisha siku ileile, akataka kulipa mara mbili, akaomba aongee na mimi. Nikakusudia kumwambia yangu ya moyoni. Lakini nilimsikia anahema kwenye simu. Nikamwambia, "Vaa tu, dada. Sasa hivi ni vya kwako kweli." Maji yakimwagika hayazoleki, na huyu hata hakujua kama kuna maji.

Fundi alikuwa tayari amesimama mbele ya rafu, anashusha kalibu zangu. "Ngozi ninayo," akasema. "Soli ninazo. Leo na kesho zinatosha."

"Na sponji, Baba?" binti akauliza.

Hapo mikono ya mzee ikasimama.

Sponji ile ngumu haipatikani kila mahali. Fundi huagiza kwa mfanyabiashara mmoja wa mbali, naye pia anauzia mtandaoni. Kwenye duka lake iliandikwa kwa rangi ya kijani kibichi, "Ipo ya kutosha." Dada alikuwa ameshaagiza na kulipa, kisha wakampigia: samahani, imeisha, msubiri mzigo mwingine, hatujui lini. Kipande cha mwisho kilichokuwepo karakana ndicho kilichoingia kwenye viatu vyangu, na asubuhi hiyo fundi wa mtaani alikuwa amekigeuza vumbi. Yaani dunia ilipiga kelele kwa kitu ambacho kilikuwa changu bila mpinzani, na kitu kilichokwisha kwelikweli kikakaa kimya kimevaa kijani.

Tukapiga simu kwa watu wawili watatu. Mmoja akapendekeza tukate kandambili tujazie humo, nikavumilia kusikia. Fundi alikataa yote. "Zinabonyea. Saa ya tatu ya kusimama nyonga itamwambia." Akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akautazama ukuta wa kalibu kama mtu anayesubiri mojawapo iseme. Kisha akainama akaanza kufungua kamba za kiatu chake cha kulia.

"Baba, hapana," binti yake akasema.

Mimi sikuelewa. Nilidhani kiatu kinambana. Alikivua, akakiweka mezani, akavua na cha pili, akasimama peku kwenye sakafu ya saruji. Naye akashuka upande mmoja. Bega la kulia likaenda chini kabisa, kiuno kikapinda, na suruali yake ndefu, ambayo miaka yote niliiona kama uzembe wa wazee, ikaburuza chini upande huo.

Nilimjua mtu huyu tangu nikiwa mtoto. Nimemwona akitembea, akibeba mizigo, akicheza kwenye sherehe ya kumaliza chuo changu. Sikuwahi kujua. Mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kuliko wangu, vidole vitatu.

"Jozi ya kwanza niliyoishona maishani ilikuwa hii," akasema, kwa sauti ya kawaida kama anaeleza bei ya ngozi. "Yaani, mama yake hii. Nilikuwa kijana, nimechoka kuchekwa. Nilipoiweza, nikaona ninyamaze. Nani ampe kazi fundi anayechechemea? Watasema ajirekebishe yeye kwanza. Mke wangu alijua, huyu anajua. Sasa na wewe unajua."

Akachukua kisu.

Nilimshika mkono. Nilimwambia siwezi, kwamba nitakwenda na vile vya zamani, kwamba nitameza dawa za maumivu, kwamba metroni ni binadamu. Niliteta kwa nguvu zangu zote, na ninazo. Sikutaka kukanyaga mguu wa mzee. Binti yake naye akasema, "Baba, utatembeaje?" Fundi akatusubiri tumalize, kama alivyozoea kunisubiri.

"Mwanangu," akaniambia, "kazi yangu mimi ni ya kukaa. Yako ni ya kusimama. Sioni kesi hapo." Kisha akauondoa mkono wangu kwa upole, akaingiza kisu kati ya soli na ngozi, akakipasua kiatu chake.

Sponji ilitoka nzima, safi, imeshika umbo la unyayo wake. Aliigeuza ili iwe ya kushoto, akaipima kwa vidole, akaipunguza kidole kimoja kwa kisu na msasa, na ule unga mweupe ukamwagikia magotini. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikimtazama, na sioni aibu kusema nililia, tena kilio cha kitoto chenye kamasi. Akaniambia niache kulia juu ya gundi, haishiki.

Alishona siku ile na siku iliyofuata. Dada aliomba ruhusa kazini, akapaka nta nyuzi na kupika chai. Picha hakuna aliyeipiga. Jumapili alasiri nikavaa soksi zangu, Fundi akanivalisha viatu, akafunga kamba. Ngozi ilikuwa ngumu ya upya, lakini mguu ulikaa kama umerudi nyumbani. Nikatembea mpaka mlangoni nikarudi. Siku zote huwa anasimama kando ya meza. Safari hii alibaki kitini, miguu yake peku chini ya kiti, na macho yake hayakutoka mabegani kwangu. Akanitembeza tena. Akanivua, akasugua kidogo kisigino cha kushoto, akanirudishia.

"Sawasawa," akasema.

Jumatatu nilisimama. Upasuaji wa kwanza ulikuwa mrefu, tumbo lilifunguliwa likakataa kufungwa, daktari mpasuaji akatoka jasho mpaka tukamfuta mara nyingi. Nilihesabu vitambaa, nikapokea vifaa, nikakabidhi. Hakuna kiti nilichokitafuta. Jumanne vilevile, na Jumatano. Siku ya mwisho ya wiki ile ratiba mpya ilibandikwa ukutani, na wenzangu wakanisukuma mbele nikaione. Jina langu lilikuwa kwa kalamu. Metroni alipita nyuma yetu akasema tu, "Msizibe njia," na nikajua ndiyo pongezi yake.

Nilikwenda kumwambia Fundi jioni hiyohiyo. Alifurahi mpaka akapiga meza. Nilimkuta na kiatu chake amekijaza magazeti yaliyokunjwa, akasema yanafaa sana, ila yakipata joto yanalala. Nikamwuliza habari za sponji. Ipo njiani, akasema.

Ilifika baada ya majuma kadhaa, kipande kimoja tu. Nikawaza sasa atajishonea. Kumbe kulikuwa na watoto wawili wanaofungua shule, akawashonea hao. Kilipofika kipande cha pili, kulikuwa na mpishi mmoja ambaye kazi yake naye ni ya kusimama. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini huyu alikuwa amezidi. Nikamgombeza kwenye simu. Akaniambia nina sauti nzuri, nimpigie mara nyingi zaidi.

Siku moja nikitoka zamu ya asubuhi, nikakata njia kupitia barabara ya soko. Mbele yangu kulikuwa na mzee anayepepesuka, bega moja juu, bega moja chini, na mfuko wa nyuzi mkononi. Watu walikuwa wanampisha. Nilimtazama kwa jicho la kiuguzi, nikasema moyoni, huyu nyonga yake ya kulia inamtesa. Ndipo nikaona suruali inayoburuza.

Nikamkimbilia. Nilikimbia kweli, barabarani, mchana kweupe, mimi.

"Fundi! Kwa nini hukumtuma dada? Watu wote wanakuona."

"Waache waone." Alikuwa anatweta, lakini uso wake ulikuwa mkunjufu. "Unajua ajabu yake? Tangu waanze kuniona, wateja wameongezeka. Mama mmoja kaniambia, kumbe wewe unayajua maumivu yenyewe, basi mshonee na mwanangu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nimejificha miaka yote bure."

Nikataka kumwambia ahsante. Nilikuwa nimeitayarisha siku nyingi, ndefu, yenye mama yangu ndani na kiwanja chake. Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nijifunze kusema, hakikutoka kitu. Nikachukua mfuko wake wa nyuzi. Tukaanza kwenda pamoja, na mimi kwa furaha yangu na kwa viatu vyangu vizuri nikajikuta niko mbele, kisha mbele zaidi.

"Binti yangu," akaniita kutoka nyuma.

Nikageuka. Alikuwa amesimama, mkono kiunoni.

"Nipunguzie mwendo kidogo," akasema. "Sikuwezi."

Hakuna mtu aliyewahi kuniomba hivyo. Maishani mwangu mimi ndiye niliyekuwa nikiomba. Nikarudi pale aliposimama, nikampa mkono wangu, akaushika, akauegemea kwa uzito wake wote, na tukaenda polepole, mwendo wake.